Swali la Ishirini na Tatu

"Pekua nyumba yako mwenyewe kabla watu hawajaja kukupekulia," alisema Mzee wa Redio, akaweka miwani yake juu ya meza ya kukatia ngozi. "Hiyo ndiyo kazi yangu hapa. Mengine yote ni mapambo."

Alikuwa ametangaza redioni miaka thelathini na mmoja, na hata alipoomba maji ya kunywa ungedhani anasoma taarifa ya habari. Tangu astaafu, kazi yake ilikuwa kuwaandaa watu waliofanikiwa ghafla wasije wakaumbuka mbele ya kamera. Kaka yake Pana ndiye aliyemtafuta. Jumamosi watu wa televisheni wangekuja karakanani kumhoji Pana kipindi kizima, na baada ya hapo picha yake ingebandikwa kwenye maduka yote makubwa yaliyokubali kuuza viatu vyake.

Pana halikuwa jina alilozaliwa nalo. Alipewa shuleni kwa sababu ya miguu yake, iliyokuwa mipana kiasi kwamba hakuna kiatu cha dukani kilichokubali kuipokea. Jina hilo lilimliza miaka mingi. Alipokua akalichapisha kwenye boksi, akaanza kuwauzia viatu wenye miguu kama yake, na kumbe walikuwa wengi, ila kila mmoja alikuwa akiteseka kimya kimya ndani ya viatu vya watu wengine. Karakana iliyoanzia barazani kwa mama yake sasa ilikuwa na mafundi arobaini na wawili.

"Nawauliza tena," alisema Mzee wa Redio siku ya kwanza, akiwatazama ndugu hao wawili kwa zamu. "Kuna kitu mnanificha? Macho ya watu hayana pazia. Mtu akifanikiwa, hata jirani aliyekuwa hamsalimii anakumbuka mambo yake yote."

"Hakuna, mzee," Kaka alijibu haraka. "Sisi ni watu wa kawaida kabisa."

Pana aliinamisha kichwa, akajifanya anasoma karatasi. Watu hawa walikuwa wamemwajiri mtu awafundishe namna ya kukaa na siri zao, na siri yenyewe wakamficha. Mwenye kuelewa akili hiyo anieleze na mimi.

Siri yenyewe ilikuwa Fundi.

Fundi hakuwa fundi tangu mwanzo. Alikuwa dereva wa lori. Mchana mmoja alisinzia akiwa kwenye usukani, lori likaacha njia, likamuua mtu aliyekuwa amechuchumaa kando ya barabara akitengeneza baiskeli yake. Mahakamani Fundi alisema neno moja tu, "Nililala," wakampa miaka mitano. Gerezani alipelekwa kwenye karakana ya viatu. Huko mzee mmoja alimfundisha kushona kwa mkono: mishono saba mbele, mmoja nyuma, ili uzi ukikatika kiatu kisifumuke chote. Alitoka na mshono huo mikononi, bila kingine chochote.

Na mshono huo ndio uliomtajirisha Pana. Wateja waliupapasa kwa kidole wakitikisa vichwa. Kwenye karatasi ndogo iliyowekwa ndani ya kila boksi, Kaka aliandika kwamba ni mshono wa bibi yao, urithi wa familia. Bibi yule, Mungu amrehemu, hakuwahi kushona hata kifungo. Alichojua ni kupika majungu.

Kwa Pana, Fundi hakuficha kitu. Siku alipokuja kuomba kazi, Pana akiwa na cherehani moja tu, alikataa kukaa kwanza. "Nikwambie kabla sijakaa," alisema. "Niliua mtu kwa usingizi wangu. Nina wiki mbili tangu nitoke jela. Kama hilo ni tatizo, naondoka na wala sikulaumu." Pana alikivuta kiti karibu na mlango akampa. Mwezi huohuo Fundi alimpima mguu ili amtengenezee kalibu, mguu wa mbao wa kushonea viatu, akaushika mguu ule mpana kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea kitu cha watu. Hakucheka. Pana alikuwa na miaka ishirini na tisa, na ilikuwa mara ya kwanza mwanamume kuushika mguu wake asicheke. Mapenzi yao yalianzia hapo, ingawa wao wenyewe walichelewa kujua.

Sasa ilikuwa miaka miwili tangu Fundi aende kwa Mama kuomba mkono wa Pana. Mama hakumkataa. "Simchukii," alimwambia binti yake jikoni. "Ni mpole, na ana adabu kuliko kaka yako. Ila sitaki siku moja mwanangu aitwe mke wa muuaji. Subirini kwanza." Kaka naye akasema subirini biashara isimame. Biashara ikasimama. Akasema subirini ikue. Ikakua, na kila ilipokua harusi ilisogezwa mbele, mpaka wale wawili wakazoea kupendana baada ya saa za kazi, kama watu wanaoiba.

Jumatano, siku tatu kabla ya kamera, mafundi waliruhusiwa kuondoka mchana ili mazoezi yafanyike kwa utulivu. Mzee wa Redio alikuwa ameandika maswali arobaini kwa mkono wake. Alimkalisha Pana kwenye kiti cha mbao, akamwashia taa usoni, akaanza kuuliza. Alipofika swali la nane akanyamaza.

"Hapana. Nikikuuliza mimi, nashindwa kuuona uso wako vizuri. Nataka kusimama pembeni, nione jicho linakwenda wapi."

Kaka alikuwa ametoka kwenda kuwaona watu wa matangazo. Na saa hiyohiyo Fundi aliingia na jozi ya viatu vya kuonyesha Jumamosi, amevipakata kifuani.

"Wewe bwana unaweza kusoma?" aliuliza Mzee wa Redio.

"Naweza, mzee."

"Haya, kaa hapo. Wewe leo ni mtangazaji. Soma yalivyoandikwa, usimwonee huruma."

Pana alitaka kusema kitu, lakini angesema nini? Fundi aliweka viatu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akakaa. Walitazamana chini ya taa ile, na Fundi akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepewa kazi ya kitoto.

"Swali la tisa," alisoma. "Ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani?"

"Nilitaka kuwa mtu mwenye viatu," Pana alijibu, na wote watatu wakacheka.

Waliendelea hivyo vizuri. Pana alilegea, mabega yakashuka, akajibu habari za ngozi, za soli, za wafanyakazi. Alisahau kabisa orodha ilikuwa inaelekea wapi. Fundi aligeuza ukurasa.

"Swali la ishirini na tatu." Pana aliona macho ya Fundi yakisoma mstari wote kimya kwanza, kisha yakarudi mwanzo. "Watu wanasema kati yako na fundi wako mkuu kuna zaidi ya kazi. Huyu fundi ni nani kwako?"

Mzee wa Redio hakuwa amedokezwa na mtu. Aliliweka swali hilo kwa uzoefu wake tu: mwanamke hajaolewa, fundi wake ni mwanamume, lazima mtu ataliuliza. Lakini Kaka alikuwa ameiona orodha tangu Jumatatu, akamwandikia dada yake jibu la namba hiyo kwenye kipande cha karatasi, na Pana akalikariri bafuni, jikoni, kitandani, mpaka likawa linatoka lenyewe.

Likatoka lenyewe.

"Fundi ni mfanyakazi wetu kama wafanyakazi wengine," alisema, kwa sauti tulivu, akimtazama usoni. "Tunaheshimiana kikazi. Zaidi ya hapo hakuna."

Mzee wa Redio alipiga meza kwa kiganja. "Hilo ndilo jibu bora la leo. Umeona? Hata jicho halijapepesa. Ukijibu hivyo Jumamosi, hakuna atakayerudia swali."

Fundi aliiweka karatasi sawa kwenye goti.

"Swali la ishirini na nne," alisoma, kwa sauti ileile. "Ukiwa na nafasi unapenda kufanya nini?"

Alisoma yote mpaka la arobaini. Hakuruka hata moja. Pana alijibu bila kujua anajibu nini, na Mzee wa Redio, ambaye jicho lake lilikuwa kali sana kwa mambo ya watu, hakuona kilichokuwa kimetokea mbele ya pua yake. Walipomaliza, mzee alisema anatoka uani kunyoosha miguu.

Pana alimkuta Fundi kwenye kiti chake kifupi, anapaka uzi nta. Juu ya rafu nyuma yake kulikuwa na viatu vyeupe vya harusi alivyoanza kumshonea. Cha kulia kilikuwa kimekwisha. Cha kushoto kilikuwa bado kimevaa kalibu, soli haijashonwa.

"Fundi."

"Bosi."

Kila siku alimwita bosi kwa utani, na Pana alipenda. Leo neno lilitoka kavu.

"Yale yalikuwa mazoezi tu."

"Najua."

"Kaka ndiye aliyeandika lile jibu. Mimi nilikariri."

"Ulikariri vizuri. Nilikuwa nimekaa mbele yako, najua tulivyo mimi na wewe, na bado nikakuamini."

"Usiseme hivyo."

"Sasa nisemeje? Nasema kilichonipata."

Pana alivuta kigoda akakaa karibu naye. "Ulitaka nijibu nini? Niseme kweli, halafu kesho yake waandike kwamba viatu vya Pana vinashonwa na mtu aliyetoka jela? Maduka yakirudisha mzigo, hawa arobaini na wawili niwapeleke wapi? Wana watoto."

"Sijakwambia ujibu nini."

"Basi mbona umenikasirikia?"

"Sijakukasirikia, Pana. Ningekuwa na hasira ingekuwa nafuu." Aliuzungusha uzi kidoleni, akaufungua tena. "Nilikusimulia habari za mama wa marehemu?"

"Uliniambia ulikwenda kumwomba radhi."

"Sikukwambia alichonijibu. Nilipiga magoti mlangoni kwake. Hakunipiga, hakunitukana. Akasema, siwezi kukufanya chochote, mwanangu harudi. Ila usije ukajificha. Mtu akikuuliza, mwambie ulichofanya. Mwanangu ameshakufa, asifichwe tena. Nikamwahidi. Ni ahadi mbili tu nimetoa tangu nitoke jela. Ya kwanza ile, ya pili yako."

"Mkachukua mshono, mkampa bibi yenu," Fundi aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nikanyamaza, nikasema ndiyo biashara. Leo ni mimi mwenyewe. Kaka yako ameniambia Jumamosi nisionekane, niende nikatembee. Tukioana nitakuwa natembea kila Jumamosi? Mtoto wetu akiulizwa baba yako nani, naye mtamwandikia jibu?"

"Nipe muda kidogo. Kelele hizi zikipita, tutakaa na Mama, tutapanga."

"Nimekupa miaka miwili. Sikunung'unika hata siku moja, au nilinung'unika?"

"Hukunung'unika."

"Na hazitapita. Huyo mzee amesema kweli. Ukizidi kukua watazidi kukutazama. Leo ni televisheni moja, mwakani watakuwa wengi. Ama utanitaja, ama utakuwa unanificha mpaka tuzeeke."

Machozi yalikuwa yameshamjaa. Alinyoosha mkono amshike, na hapo, kabla vidole havijamfikia, aligeuza kichwa akatupa jicho dirishani kuona kama Mzee wa Redio anawaona. Alifanya hivyo kwa mazoea, kama alivyofanya kila siku kwa miaka miwili. Aliporudisha macho, Fundi alikuwa anamtazama.

Kisha Fundi akasimama, akavua aproni, akaikunja mara nne na kuiweka juu ya kiti. Vyombo vyote aliviacha mahali pake: nyundo, visu, mikasi. Alichukua sindano yake moja tu, ile nene ya kushonea soli, akaichomeka kwenye kipande cha ngozi na kukitia mfukoni.

"Usiende hivi," Pana alisema. "Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua. Hilo sijawahi kulitilia shaka." Alikitazama kile kiatu cha kushoto. "Ningekumalizia, ila leo mkono hautulii. Nisamehe kwa hilo."

Alipita uani, akamuaga Mzee wa Redio kwa heshima, na mzee akamshukuru kwa kusoma vizuri. Pana alisimama ndani ya mlango. Angeweza kukimbia, lango lilikuwa hatua ishirini tu. Lakini mzee alikuwa pale, na mlinzi alikuwa pale, na miguu ile mipana iliyomlisha yeye na watu wote wale ilikataa kutoka mlangoni.

Alhamisi alimpigia simu, haikupatikana. Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye chumba chake. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye maneno machache, alimwambia mpangaji amerudisha ufunguo jana alfajiri, amefagia mpaka uvunguni, hakusema anakwenda wapi. "Alikuwa mtu mzuri," alisema yule mama. "Siku alipokuja kupanga aliniambia mambo yake yote, mpaka nikaona aibu kumuuliza zaidi. Na nikampa chumba." Pana alisimama katikati ya chumba kitupu mpaka yule mama akamletea kiti.

Alirudi nyumbani akawakuta Mama na Kaka mezani. Hakukaa.

"Fundi ameondoka," alisema. "Kesho nikiulizwa, nitasema. Nitasema ni mchumba wangu, nitasema alifungwa na kwa nini. Na huo mshono nitasema umetoka jela, bibi apumzike."

Kaka aliweka kijiko chini. "Mdogo wangu, usiamue kwa uchungu. Hilo linatugusa sote."

"Kwa hiyo niamue kwa nini? Kwa karatasi uliyoniandikia?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua ulikuwa unanilinda. Mmenilinda mpaka nimebaki peke yangu."

Mama alikuwa anakusanya makombo ya mkate kwa kidole, akiyapeleka pembeni ya sahani. Mwishowe akasema, taratibu sana, "Mwanangu, mimi niliogopa wewe kuitwa jina baya. Sikujua kwamba kuna kukosa jina kabisa." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Sema tu. Lakini na yeye yuko wapi, wa kukusikia?"

"Popote alipo, hakosi televisheni. Atakaa hata kwenye duka la mtu atazame. Namjua."

Jioni hiyo alimweleza Mzee wa Redio kila kitu. Mzee alivua miwani, akakaa nayo mkononi bila kuifuta.

"Mlinificha," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nikampa yeye asome."

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekuandikia jibu jingine." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mzee wa kawaida. "Nyinyi mlidhani nimekuja kuwasaidia kuficha. Mimi nawaambia watu wapekue nyumba zao ili watoe nje wenyewe. Jambo la kweli watu hulisema wiki moja, mbili, wakachoka. Aliyefichwa ndiye anayetafutwa. Kesho likiulizwa, jibu lilivyo. Halihitaji kukaririwa."

Basi Pana alilala na jibu lake kifuani. Alilipanga, akalipangua, akalifupisha. *Fundi ni mchumba wangu. Mshono huu ni wake.* Aliwaza Fundi amesimama mahali fulani kati ya watu, anatazama, analisikia jina lake likitajwa mbele ya dunia, na anatafuta basi la kurudi. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alipata usingizi.

Jumamosi walikuja watu sita na masanduku. Karakana ilijaa nyaya na taa. Mtangazaji alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, mwenye mikono laini. Alimwita Pana dada, akamsifia vazi lake, akakaa mbele yake na kadi chache za maswali. Kaka na Mama walisimama ukutani, nyuma ya kamera. Mzee wa Redio alisimama pembeni, mahali alipozoea.

Aliulizwa jina la Pana limetoka wapi. Akasimulia, mtangazaji akacheka hadi akashika tumbo. Aliulizwa habari za ngozi. Aliulizwa anaamka saa ngapi, anakunywa chai au kahawa, ana ushauri gani kwa vijana. Kila mtangazaji alipochukua kadi mpya, Pana alikaza moyo, akajisemea ni hii. Haikuwa hiyo. Aliulizwa rangi anayoipenda.

Kisha mtangazaji akainuka atembee karakanani, kamera ikamfuata. Alipitisha kidole kwenye mshono wa kiatu. "Huu ndio ule mshono wa bibi, eti?" alisema, na kabla Pana hajafungua kinywa akawa ameshahamia kwenye rafu. Akakichukua kiatu cheupe cha kulia, kile kilichokwisha.

"Kizuri hiki. Mbona kimoja?"

Mama alijishika kifua. Pana alikitazama kile kiatu kwenye mkono wa mgeni, mishono yake saba mbele na mmoja nyuma, na maneno yote aliyoyapanga usiku yakamjaa mdomoni kwa pamoja, yakasongamana.

"Cha pili hakijakamilika," alisema.

"Haya, tunakisubiri sokoni," mtangazaji alisema kwa furaha, akakirudisha. Walirudi kwenye viti. "Dada yangu, muda wetu umekwisha. Una la kuongeza kwa watazamaji wetu?"

Hilo lilikuwa swali la arobaini. Walilifanyia mazoezi kuliko yote, mara kumi, mara kumi na tano, kwa sababu Mzee wa Redio alisema siku ya kwanza kwamba watu wengi hujiharibia hapo, kwa kuongeza. Neno moja tu, alisema, na tabasamu.

Pana aliinua uso kwenye kamera. Alimwona Fundi kwenye kile kioo cheusi, wazi kabisa, amesimama katikati ya watu. Ulimi wake ukafanya ulichofundishwa.

"Asante," alisema, akatabasamu.

Watu wakapiga makofi. Mtangazaji alimkumbatia, akasema hajawahi kupata mgeni mtulivu namna hii, kisha akatoka nje kupokea simu. Kaka alikuja akamshika bega. Mzee wa Redio alikuwa anaangalia sakafu. Taa zikazimwa moja baada ya nyingine, karakana ikarudia mwanga wake wa kila siku, viti vya mafundi vikaonekana, na kile kifupi kilichokuwa na aproni iliyokunjwa mara nne.

Pana hakuwa ameondoka kwenye kiti chake. Mtu wa sauti, mwanamume wa makamo, alipiga magoti mbele yake akamfungua kile kipaza sauti kidogo kifuani, akaanza kuuzungusha waya wake kwenye kiganja.

"Fundi ni mchumba wangu," Pana alisema. Alisema polepole, neno kwa neno, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Alifungwa jela miaka mitano kwa sababu alimuua mtu bila kukusudia. Huu mshono ni wake. Viatu vyote hivi ni vyake. Nampenda, na nilimkana."

Yule mtu aliacha kuzungusha waya. Alimtazama kwa huruma, kisha akatazama nyuma yake, kwenye kamera iliyokwisha kufungwa sandukuni.

"Pole, dada," alisema. "Tumeshazima."